Goti linauma, picha ipigwe nyonga

Mtoto wa miaka 12 anachechemea na kulalamika kwamba goti linamuuma. Mama anampeleka kituo cha afya. Goti linaguswa, linapigwa eksirei, picha inatoka safi. Anaandikiwa dawa ya maumivu na kuambiwa aache mpira kwa muda. Wiki tatu baadaye bado anachechemea, na safari hii wazazi wanaambiwa ni maumivu ya kukua. Ukifika mwezi wa tatu mguu umeanza kugeukia nje, na ukiutazama vizuri ni mfupi kuliko mwenzake. Siku hiyo ndipo mtu anaomba picha ya nyonga, na picha hiyo inaonyesha tatizo ambalo huenda lilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Ndugu msomaji, simulizi hiyo haimhusu mtoto mmoja. Daktari yeyote anayetibu mifupa ya watoto akiisoma ataitambua. Ndiyo maana wiki hii nina jambo moja la kusimamia: mtoto anayechechemea, au anayelalamikia goti ambalo halina jeraha wala uvimbe, asirudishwe nyumbani kabla nyonga zake hazijapimwa. Na ikihitajika picha, ipigwe ya nyonga zote mbili, katika mikao miwili.

Kwa nini nyonga, wakati mtoto ameshika goti? Kwa sababu baadhi ya neva zinazobeba hisia za nyonga ndizo zinazohudumia pia goti na upande wa ndani wa paja. Nyonga ikiugua, ubongo unaweza kuyasoma maumivu hayo kana kwamba yanatoka kwenye goti. Mtoto hadanganyi anaposhika goti. Sisi wakubwa ndio tunaopaswa kujua kwamba goti linaweza kusemea nyonga.

Picha inaonyesha nini

Nyonga ni kiungo cha mpira ndani ya kikombe. Juu kabisa ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe kilichopo kwenye mfupa wa nyonga. Kwa mtoto, damu inayolisha kichwa hicho hupita kwenye mishipa michache myembamba. Chini ya kichwa kuna gegedu la ukuaji, sehemu laini ambayo kwayo mfupa hurefuka. Mishipa hiyo na gegedu hilo ndizo sehemu dhaifu za nyonga ya mtoto, na magonjwa mengi tutakayoyataja hapa huanzia kwenye moja kati ya hizo.

Eksirei huonyesha mfupa, lakini gegedu haionyeshi. Kwa hiyo umri wa mtoto una uzito mkubwa katika kusoma picha. Mtoto mchanga wa mwezi mmoja kichwa chake cha mfupa wa paja bado ni gegedu tupu, na kwenye eksirei utaona nafasi nyeusi mahali ambapo kichwa kinapaswa kuwa. Huyu anapaswa kupimwa kwa altrasaundi. Kuanzia takriban miezi minne hadi sita ndipo kiini cha mfupa kinaanza kuonekana na eksirei inaanza kusema kitu cha maana.

Kwa umri huo tunatafuta nyonga iliyotoka au isiyokaa vizuri kwenye kikombe. Tatizo hili ni nadra kwa watoto wetu, na wataalamu wengi wanaamini kwamba mbeleko inachangia, kwa sababu mtoto anayebebwa mgongoni akiwa amepanua miguu huikalisha nyonga yake mahali pake. Nadra, hata hivyo, si sawa na hakuna. Mtoto aliyetanguliza matako tumboni, au ambaye ndugu yake alizaliwa na tatizo hilo, apimwe mapema. Akishaanza kutembea huku mguu mmoja ukiwa mfupi na anayumba, tiba inakuwa ngumu zaidi, mara nyingi ya upasuaji.

Somo la miaka zaidi ya mia moja

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani. Kabla ya hapo, mtoto wa Ulaya aliyechechemea kwa muda mrefu alihesabiwa kirahisi kuwa na kifua kikuu cha nyonga. Mwaka 1909 Henning Waldenström wa Sweden alizieleza picha za nyonga za watoto wa aina hiyo, akiamini bado kwamba ni sura nyingine ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata, 1910, madaktari watatu katika nchi tatu, Arthur Legg wa Marekani, Jacques Calvé wa Ufaransa na Georg Perthes wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake alieleza kwamba huu ni ugonjwa mwingine. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimekosa damu, kikafa, kikamong'onyoka, kisha kikajijenga upya. Leo tunauita ugonjwa wa Perthes.

Nimeieleza historia hii kwa sababu ina somo kwetu. Watoto waliochechemea kwa namna ileile walikuwa na magonjwa tofauti, na picha ndiyo iliyoanza kuyatenganisha. Anayetibu kwa kutazama mwendo wa mtoto peke yake anarudi nyuma kabla ya 1895.

Ugonjwa wa Perthes huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi minane, wavulana mara nne au tano zaidi ya wasichana. Huko Ulaya ya kaskazini unafahamika sana. Kwa watoto wa Afrika kusini mwa Sahara ni nadra. Sisi tuna jambo letu jingine, nalo ni selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani. Seli zilizojikunja kama mundu huweza kuziba mishipa ile myembamba ya kichwa cha paja, na picha inayotokea inaweza kufanana sana na ya Perthes.

Kwa hiyo picha ikionyesha kichwa cha paja kilichosinyaa au kumeguka kwa mtoto wa Kitanzania, swali la kwanza liwe: amepimwa selimundu? Kuna familia ambazo zitaufahamu ugonjwa wa mtoto wao kupitia nyonga. Na kwa mtoto ambaye tayari anajulikana kuwa na selimundu, maumivu ya nyonga au goti yanayozidi siku za kawaida za maumivu yake yasichukuliwe kuwa ni yaleyale. Mwambie daktari wa kliniki aitazame nyonga.

Picha moja haimalizi kazi

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoachwa njiani. Mfupa ukikosa damu leo, eksirei ya leo inaweza kuwa safi kabisa. Mabadiliko huonekana baada ya wiki, wakati mwingine miezi. Kipimo cha MRI huona mapema zaidi, lakini ni ghali na kinapatikana katika hospitali chache. Mzazi asiye na uwezo wa MRI ana njia nyingine iliyo ndani ya uwezo wake, yaani kurudi. Maneno "picha ni safi" maana yake ni kwamba siku hiyo hakikuonekana kitu. Kama mtoto bado anachechemea baada ya wiki chache, picha irudiwe na ilinganishwe na ile ya kwanza.

Kwa ugonjwa wa Perthes, mfululizo wa picha ndio unaoongoza tiba. Ugonjwa huu huchukua miaka miwili hadi minne kupita hatua zake: kichwa kinakuwa cheupe na kidogo kwenye picha, kinamong'onyoka vipande, mfupa mpya unaota, kisha umbo linakamilika. Mwaka 1992 daktari John Herring wa Marekani na wenzake walipendekeza njia rahisi ya kukadiria ukali. Hutazamwa upande wa nje wa kichwa cha paja wakati wa kumong'onyoka. Ukiwa umebaki na kimo chake chote, matumaini ni makubwa. Ukiwa umebaki na zaidi ya nusu, hali ni ya kati. Ukiwa umeporomoka chini ya nusu, kichwa kina hatari ya kupona kikiwa kimebapa. Umri nao unaingia kwenye hesabu, kwani mtoto aliyeanza kuugua akiwa chini ya miaka sita kwa kawaida hupona vizuri kuliko aliyeanza baada ya miaka minane.

Kichwa kilichobapa hakitoshei tena kwenye kikombe cha mviringo. Mtoto anaweza kucheza na kusoma bila shida kubwa, kisha akiwa na miaka 40 au 50, tena na familia inayomtegemea, nyonga inaanza kusagika. Upasuaji wa kubadilisha nyonga upo nchini, lakini si kila familia inaumudu.

Mkao wa pili

Sasa turudi kwa wale wa miaka 10 hadi 16. Katika umri huu wa kurefuka haraka, gegedu la ukuaji linaweza kushindwa kubeba uzito, na kichwa cha paja kikateleza kutoka juu ya shingo yake. Mara nyingi huwa ni kijana mwenye uzito mkubwa, na uzito mkubwa kwa watoto wa mijini unazidi kuonekana. Lakini hata mwembamba anaweza kupata, hasa mwenye matatizo ya homoni au ya figo.

Tatizo ni kwamba kichwa huteleza kuelekea nyuma. Mfikirie mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ukisimama mbele yake, ndoo iliyoelemea kisogoni unaweza usiitambue. Ukisimama ubavuni utaiona mara moja. Picha ya nyonga iliyopigwa kutoka mbele peke yake inaweza kuonekana ya kawaida huku kichwa kimeshaanza kuteleza. Ndiyo maana tunadai picha ya pili, ile ambayo mtoto hukunja magoti na kupanua miguu kama chura. Kama mtoto hawezi kabisa kukanyaga, asilazimishwe kupanua miguu, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kuzidisha kuteleza. Ipo namna ya kupiga picha ya ubavuni akiwa amelala bila kuisumbua nyonga.

Nyonga zote mbili zipigwe kwa sababu mbili. Ya kwanza, nyonga nzima ni kipimo cha nyonga gonjwa, na tofauti ndogo huonekana kwa kulinganisha. Ya pili, kwa watoto wengi walioteleza upande mmoja, upande wa pili nao hufuata au umeshaanza kimya kimya.

Ikionekana kichwa kimeteleza, mtoto hatembei tena. Asipewe rufaa ya kupanda daladala kesho kutwa. Alazwe, au asafirishwe akiwa amelala au kwenye kiti cha magurudumu, akawekewe skrubu ya kushikilia kichwa kisiendelee kuteleza. Kilichoteleza kidogo na kikashikiliwa mapema huwa na matokeo mazuri. Kikiteleza ghafla mpaka mtoto akashindwa kukanyaga, mishipa ya damu inaweza kukatika na kichwa kufa. Kati ya hali hizo mbili mara nyingi kuna wiki kadhaa za kuchechemea ambazo watu wazima walikuwa wakiziona.

Pale ambapo picha isisubiriwe

Liko jambo moja ambalo eksirei haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha mapema, nalo ni usaha ndani ya nyonga. Mtoto ana homa, hataki kukanyaga, na akiguswa mguu analia. Mchanga hulia kila anapobadilishwa nepi, na mguu mmoja hauchezeshi. Siku za mwanzo eksirei yake inaweza kuwa safi kabisa, kwani mabadiliko ya maambukizi kwenye mfupa huchukua siku saba hadi 14 kuonekana. Usaha hauna subira hiyo. Huanza kula gegedu mapema sana. Mtoto huyu anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, apimwe damu, apigwe altrasaundi kutazama maji ndani ya kiungo, na usaha ukithibitika utolewe bila kuchelewa. Mwenye selimundu yuko katika hatari zaidi ya maambukizi ya mifupa.

Kifua kikuu cha nyonga nacho bado kipo. Hicho huja polepole, kwa wiki na miezi, na mtoto hupungua uzito. Kama nyumbani kuna mtu anayekohoa kwa muda mrefu, mwambie daktari.

Sisemi haya ili kila mzazi apate hofu. Sababu ya kawaida sana ya kuchechemea kwa watoto wa miaka mitatu hadi minane ni nyonga kuvimba kwa muda, mara nyingi baada ya mafua, na hupona yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Lakini jina hilo hupewa mtoto baada ya kupimwa na kufuatiliwa. Mtu asilitumie kama kisingizio cha kutompima.

Kuhusu mionzi

Wazazi huniuliza, "Daktari, picha nyingi hazitamdhuru mtoto?" Ni swali zuri. Mionzi ya picha ya nyonga ni kidogo, sehemu tu ya ile ya asili ambayo kila mmoja wetu huipokea kwa mwaka mzima kutoka ardhini na angani, ambayo kwa wastani wa dunia ni takriban milisiviati 2.4. Hata hivyo tunapima faida na hasara kila mara. Picha isiyo na sababu isipigwe, na CT, yenye mionzi mingi zaidi, isiombwe pale ambapo eksirei inatosha. Picha iliyopigwa mtoto akiwa amelala upande upande haisomeki vizuri, na kulazimika kuirudia ndiyo mionzi ya bure. Mama mjamzito asiingie kumshika mtoto. Aingie mtu mwingine aliyevaa aproni ya risasi. Usishangae pia ukiona mtoto hakufunikwa kinenani. Kifuniko hicho kinaweza kuficha mfupa tunaoutafuta, na miongozo mingi ya sasa haikisisitizi tena. Usimamizi wa mashine hizi hapa nchini uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na mzazi ana haki ya kuuliza kama mashine imekaguliwa.

Kila mmoja na sehemu yake

Mzazi, mtoto akichechemea zaidi ya wiki moja, mpeleke. Akiwa na homa pamoja na kukataa kukanyaga, mpeleke leo. Akiwa na zaidi ya miaka tisa na anachechemea kwa maumivu, usisubiri wiki iishe. Usimpeleke kuchuliwa, maana kichwa kilichoteleza kikivutwa na kupindwa kinaweza kumalizika kuteleza. Ukipigiwa picha ya goti tu, uliza kwa heshima, "Na nyonga je, daktari?" Picha zote zitunze nyumbani pamoja na kadi ya kliniki, na uende nazo kila uendapo. Bila picha ya zamani, mpya imepoteza nusu ya maana yake.

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, hata pasipo mashine mnaweza kuigundua nyonga gonjwa. Mlaze mtoto chali, kunja nyonga na goti, kisha zungusha paja kwa ndani taratibu, ukilinganisha pande mbili. Nyonga gonjwa hugoma au humuumiza mtoto. Kwa yule aliyeteleza, ukiikunja nyonga, goti lenyewe huelekea nje. Kipimo hiki huchukua dakika moja na hakina gharama. Kwenye fomu ya kuomba picha andikeni umri, muda wa dalili na upande unaouma. Fomu iliyoandikwa "eksirei ya mguu" humwacha mpiga picha na msoma picha gizani.

Nanyi wasimamizi wa hospitali, agizeni rasmi kwamba picha ya nyonga ya mtoto ni mikao miwili na pande mbili, na mkao wa pili usiwe gharama ya ziada inayomfanya mama aukatae dirishani. Mpeni mzazi nakala ya picha. Pale asipokuwapo mtaalamu wa radiolojia, wekeni utaratibu wa kutuma picha kwa simu au kompyuta kwa bingwa wa hospitali ya rufaa, ili isomwe siku hiyo na isikae kwenye bahasha mpaka wiki ijayo. Pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC na Bugando wapo mabingwa wa mifupa. Wanachohitaji ni kumpata mtoto mapema, akiwa na picha sahihi mkononi.

Mashine za eksirei zimeongezeka nchini kuliko nilipoanza kazi hii. Lakini mashine huonyesha pale tu ilipoelekezwa. Ikielekezwa kwenye goti, itatupa jibu la goti, huku ugonjwa ukiendelea juu yake.